Kigango Ukutani

Mkusanyaji wa vitu vya kale aghalabu huanza kwa mapenzi, na mapenzi yake si ya uongo. Hukiona kigango cha Wagiriama, ubao mrefu wenye kichwa cha mviringo na nakshi za pembetatu mwilini, akatekwa na uzuri wake. Muuzaji humwambia kuwa ni cha kale. Kimetoka kwa nani, hamwambii.

Walakini kigango si pambo. Husimamishwa kwa ajili ya marehemu aliyekuwa mtu wa chama cha Gohu, nacho hukaa papo hapo mpaka kimalizwe na jua, mvua na mchwa. Wenyewe wakihama, hawakihamishi. Basi tendo ambalo mkusanyaji huliita kuokoa, kwao ni kumnyang'anya marehemu mahali pake.

Mwaka 1985 mwanazuoni Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kimijikenda kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Haukupita muda mrefu, vikaibwa. Mwaka 1999 Udvardy alikiona kimoja katika picha zilizoonyeshwa mkutanoni: kilikuwa katika makumbusho ya Marekani. Cha pili kikagunduliwa katika makumbusho mengine huko huko. Ile picha ya mzee ikawa shahidi, na mwaka 2007 jamaa zake wakavipokea vyote viwili.

Vigango 30 vilivyotoka makumbusho ya Denver vilifika Kenya mwaka 2019. Hivyo havikuwa na picha ya namna ile, wala mzee wa kuvitambua.