Sukari Hakuwa na Kiburi

Kuna ile video ya punda anamuuma anko wangu mkono. Anko anaruka, blanketi linaanguka kwa tope, na mimi nasikika nyuma ya simu nikicheka kama mtu hana akili. Wengi wenu mlinijua kupitia hiyo. Nimeifuta, na kwa vile mmenijazia komenti mkiuliza kwa nini, haya, kaeni niwaambie.

Anko anauza maji Kayole na mkokoteni wa punda. Mimi nilipoacha chuo mwaka wa pili (hiyo ni stori ya siku nyingine, mathe bado hajaimaliza) nikaanza kumsaidia, asubuhi maji, jioni kontenti. Punda anaitwa Sukari. Si punda wa kwanza. Wa kwanza aliibiwa 2019, na kama ulikuwa mtaani wakati huo unakumbuka vile punda walikuwa wanapotea usiku. Machinjio yalikuwa yamefunguliwa, ngozi zinaenda China kutengenezwa dawa inayoitwa ejiao. Sensa ya 2009 ilihesabu punda kama milioni 1.8 Kenya nzima, ya 2019 ikapata kama milioni 1.2. Serikali ikapiga marufuku uchinjaji Februari 2020, korti ikageuza 2021, halafu Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kusimamisha biashara hiyo ya ngozi bara zima. Anko hajui hizo tarehe. Anachojua ni kwamba alilala nje ya banda na rungu karibu mwaka mzima ndio Sukari abaki.

Sasa, Julai. Mnajua baridi ya Julai na ile manyunyu haiishi. Banda la Sukari linavuja, na manyoya ya punda hayazuii maji vizuri kama ya farasi, kwa sababu asili yake ni kule kukavu upande wa Somalia na Ethiopia. Nikamwonea huruma. Nikachukua blanketi langu la hosteli, lile nilirudi nalo nyumbani, nikawa namfunika kila jioni. Wiki mbili za kwanza alipenda. Alikuwa anasimama tuli, midomo imelegea, karibu alale.

Halafu jioni moja, bila onyo, akanikunjia masikio nyuma na kunirushia teke. Kesho yake akamuuma anko. Kesho kutwa akiona tu blanketi mkononi anazunguka, anatupa matako mbele yetu. Anko akasema ni kiburi. Jirani akasema fadhila ya punda ni mateke, na hapo wote tukacheka kwa sababu imetokea vile vile methali ilisema. Tukamfunga kamba fupi kwa nguzo. Anko akachukua fimbo. Mimi nikachukua simu.

Watazamaji walikuja wengi kuliko video zangu zote za mwaka huo. Mwenye duka la simu akanilipa ngiri mbili nitaje duka lake kwa inayofuata. Kwa hivyo nakubali hapa: kwa siku tatu nilikuwa nataka Sukari aendelee na vurugu.

Aliyetuokoa ni daktari wa mifugo aliyekuja kuangalia mbuzi wa ploti ya pili. Nilimwita aone sinema. Hakucheka. Akaniuliza swali moja, "Ni nini kilibadilika kabla aanze hivi?" Nikamwambia hakuna. Akasema mnyama mtulivu habadiliki tabia siku moja bila sababu, na akibadilika, kwanza unatafuta mahali panauma. Hayo mambo ya tabia utayauliza baadaye.

Akatuambia tufungue ile kamba fupi na tuondoe blanketi kabisa machoni pake. Akaanza kumpapasa kwa kiganja, kutoka shavuni, shingoni, akishuka polepole. Alipofika pale shingo inapokutana na mgongo, ngozi ikatetemeka kama imeguswa na stima. Manyoya ya hapo yalikuwa yameshikana. Akayatenganisha. Chini kulikuwa na kidonda kibichi, kikubwa kuliko sarafu ya shilingi ishirini.

Kumbe hivi ndivyo ilikuwa: usiku kidonda kinatoa maji, maji yanakauka, blanketi linaganda hapo. Asubuhi mimi nafika nikikimbia, nalivuta kwa mkono mmoja. Nabandua gaga kila siku. Punda akaelewa kitu sisi tulishindwa kuelewa, kwamba blanketi la jioni ni maumivu ya asubuhi. Na alikuwa ameshasema mapema. Wiki nzima alikuwa anachelewa kuondoka akifungwa kwa mkokoteni, anasogea kando, na sisi tunaona uvivu. Punda haonyeshi maumivu haraka. Mpaka unaona, imekuwa mbaya.

Daktari akauliza kidonda kimetoka wapi. Nikanyamaza. Nilikuwa najua.

Mwezi huo maji yalikuwa ya mgao na watu walikuwa wananunua kwa bei yoyote. Siku anko amepumzika, mimi ndiye nilikuwa natoka na Sukari. Anko hubeba mitungi 20, ya lita ishirini kila mmoja, yaani kilo 400 kabla hujahesabu mkokoteni wenyewe. Mimi nilikuwa nabeba 26. Hiyo ni 520. Na ile pedi ya mkanda wa mabegani ilipochanika, niliishona na kamba ya nailoni badala ya kununua nyingine. Fundo lilikuwa linakaa pale pale.

Nikamwambia anko jioni hiyo.

"Ulikuwa unabeba ishirini na sita?"

"Ndiyo, anko."

Akaangalia chini muda mrefu. "Na pesa ya hiyo sita ilikuwa inaenda wapi, kijana?"

Zile ngiri mbili za duka la simu zikalipa daktari na dawa, na pedi mpya. Jirani alikuwa amekuja na mkebe wa oili chafu ya gari apake, daktari akamkataza, akatuachia maji ya uvuguvugu yenye chumvi na marhamu. Sukari akapumzishwa wiki tatu. Kumfanyisha kazi mnyama mwenye kidonda hivyo ni kosa la kisheria Kenya, ingawa sijawahi kuona mtu ameshikwa nalo mtaani kwetu. Wiki hizo tatu mkokoteni niliuvuta mimi. Mitungi minane, tisa nikijikaza. Watoto wa Soweto walinirekodi, na sikuwa na mdomo wa kuwaambia waache.

Kumrudisha kwa blanketi hakukuhitaji fimbo. Kidonda kilipofunga kabisa, nililikunja likawa dogo kama taulo, nikampa anuse, nikamgusisha begani na kuliondoa, nikampa ganda la ndizi. Siku hiyo ikaisha hapo. Kesho nikaliacha kidogo zaidi. Akikunja masikio narudi nyuma hatua moja, simshindi nguvu. Ilichukua siku kama kumi mpaka likafunguka lote mgongoni. Na asubuhi sivuti tena. Nainua kwa mikono miwili, juu kwanza.

Mtu ameniandikia ati nimefuta video bure, pesa imeshaingia. Sawa. Lakini niliitazama tena kabla ya kufuta, bila sauti. Ukiondoa kicheko changu, unaona punda anageuza kichwa kuangalia bega lake mara tatu kabla aume. Mara tatu, maze. Ilikuwa hapo kwa video muda wote.

Siku hizi anko akimfunika anasimama tuli kama zamani. Nikifunika mimi, sikio moja bado linarudi nyuma.