Slivu au baipasi? Uliza tumbo lako kwanza

Kila wiki lazima nimpate mtu huyu kwenye inboksi: "Dadangu, kati ya slivu na baipasi, ipi nzuri?" Yaani kama mtu anayechagua dera mbili pale Ukunda. Simcheki. Mimi mwenyewe nina miaka 29, kilo 118 na urefu wa mita 1.62, na swali hilo nimelala nalo na kuamka nalo tangu mwaka jana. Maoni yangu ni haya: hakuna operesheni "nzuri" ya kupunguza uzito. Kuna inayofaa tumbo lako, maradhi yako, mfuko wako, na umbali wa kutoka kwako hadi kwa daktari. Ukimwiga wa TikTok aliyepungua kilo 50, umeiga tumbo la mwenzio.

Tuondoe kwanza mkanganyiko. Huku kwetu ukitaja operesheni ya kupunguza uzito, watu wanafikiria kunyonywa mafuta. Kunyonya mafuta ni kurekebisha umbo tu. Njaa yako inabaki ileile na sukari yako inabaki ileile. Operesheni ninayoizungumzia inagusa tumbo lenyewe, nyingine na utumbo, na inabadilisha homoni za njaa na shibe.

Na si jambo la Wazungu. Ripoti ya afya ya taifa ya 2014, ile KDHS, ilikuta asilimia 33 ya wanawake wa Kenya wa miaka 15 hadi 49 wana uzito uliozidi au unene kabisa. Mmoja kwa kila watatu. Hesabu anazotumia daktari ni za BMI: uzito wako gawanya kwa urefu mara urefu. Yangu inatoka 45. Miongozo ya zamani ya 1991 kule Marekani ilisema operesheni ni ya BMI 40 kwenda juu, au 35 ukiwa na maradhi kama sukari au presha. Mwaka 2022 vyama vya madaktari wa upasuaji huu vikashusha: 35 hata bila maradhi, na 30 kama una sukari, au inaweza kufikiriwa kama njia nyingine zimeshindwa. Kwa hiyo mimi kwa vyovyote nimo.

Sasa aina zenyewe.

Slivu ndiyo inayofanywa zaidi duniani siku hizi. Wanakata na kutoa kabisa kama asilimia 75 hadi 80 ya tumbo, linabaki bomba jembamba mfano wa ndizi. Unashiba haraka, na homoni ya njaa inayoitwa grelini inapungua sana, manake sehemu inayoitengeneza kwa wingi ndiyo iliyotolewa. Utumbo hauguswi. Ubaya wake ni kwamba kilichotolewa hakirudi, na kiungulia kinaweza kuzidi, au kumpata mtu ambaye hakuwa nacho.

Baipasi nitaieleza kwa Dongo Kundu, na mtu wa Kwale atanielewa. Zamani ukitoka Miritini kuja Diani lazima uingie mjini, upange foleni, uvuke feri Likoni. Sasa kuna barabara inayozunguka, unatokea huku ng'ambo bila kuiona feri. Baipasi ya tumbo ndivyo ilivyo. Wanatengeneza kifuko kidogo juu ya tumbo, cha kama mililita 30, yaani vijiko viwili vya chakula, wanakiunganisha moja kwa moja na utumbo ulio mbele. Chakula kinaruka tumbo kubwa na mwanzo wa utumbo mwembamba. Feri haijang'olewa lakini: tumbo la zamani limebaki ndani, linaendelea kutoa majimaji yake, na pamoja na nyongo yanakutana na chakula mbele, kama barabara mbili zinavyokutana.

Faida yake ni safari. Hasara yake ni wale wauza korosho na machungwa wa Likoni: hukutani nao tena. Madini ya chuma na kalisi yanachukuliwa zaidi pale mwanzo wa utumbo uliporukwa, na vitamini B12 inahitaji kazi ya tumbo lile kubwa. Kwa hiyo vidonge vya vitamini ni vya maisha. Si miezi sita, ni maisha. Slivu nayo inavitaka, lakini baipasi haina msamaha.

Kuna na baipasi ndogo, yenye kiungo kimoja badala ya viwili. Ni fupi kidogo kwa daktari, na uzito unashuka vizuri, ila nyongo inaweza kupanda mpaka kwenye tumbo na koo. Mkanda wa kufunga tumbo ulivuma sana miaka ya 2000, leo wengi wametolewa, sitaupotezea muda. Puto linaingizwa kwa mdomo, linakaa kama miezi sita, linatolewa. Hilo si operesheni, na likitoka uzito nao una mazoea ya kurudi. Sindano kama semaglutidi zinafanya kazi kweli, ila utafiti umeonyesha wengi wakiziacha uzito mwingi unarudi. Ukianza sindano, piga hesabu ya miaka, usipige ya mwezi.

"Haya, ipi inapunguza zaidi?" Mwaka 2018 zilitoka tafiti mbili kubwa, ya Finland na ya Uswisi, zilizowafuata watu miaka mitano. Ya Finland: slivu ilipunguza asilimia 49 ya uzito uliozidi, baipasi 57. Ya Uswisi tofauti ilikuwa ndogo hata haihesabiki. Kwa hiyo kwa kilo peke yake, ugomvi wa slivu na baipasi hauna maana sana. Tofauti iko pengine. Kwenye ule wa Uswisi, waliokuwa na kiungulia kabla, karibu thuluthi ya wa slivu kilizidi. Wa baipasi ilikuwa asilimia 6 tu.

Hapo ndipo swali langu liliponijibu.

Mimi nalala na mito mitatu. Nikila biriani usiku, saa nane nimekaa kitako, koo linawaka moto. Nilikuwa naona ni kawaida, hata mama yuko hivyo. Daktari wa Nairobi hakutaka kuongea operesheni mpaka aniingize kamera tumboni. Kamera ikaonyesha mlango wa juu wa tumbo umelegea na njia ya chakula ina michubuko. Na sukari: kipimo cha miezi mitatu kimesoma 6.9, na kuanzia 6.5 ni kisukari. Bibi yangu alikatwa mguu kwa sukari. Mama anajidunga insulini. Halati yangu wa Msambweni kila kliniki anabeba daftari lake, na kila mara naye anapotea kidogo. Sitaki kuwa wa nne.

Kwa mtu mwenye kiungulia na sukari, baipasi ndiyo inayoelekezwa zaidi. Sukari mara nyingi inaanza kushuka hata kabla ya kilo kushuka, na wengine wanapunguziwa dawa mapema. Haiwi dawa ya milele kwa kila mtu, lakini kwangu inatosha kunitia matumaini.

Kumbe nilikuwa nimeshapigiwa simu na kliniki moja, sitaitaja, wakanipa ofa ya slivu na punguzo ukilipa mwisho wa mwezi. Hawajanipima. Hawajaniuliza kama nina kiungulia. Wameniuliza kilo ngapi na nalipa vipi. Wapendwa, tumbo si godoro, haliuzwi kwa ofa. Na zile safari za kwenda ng'ambo kukatwa siku tatu urudi, jiulizeni: ukivuja kwenye mshono siku ya tano, uko Ukunda, nani atakufungua? Kuvuja ni nadra, lakini kunakuja siku za mwanzo: homa, moyo kwenda mbio, maumivu ya tumbo au bega. Mimi wiki mbili za kwanza nitabaki Nairobi kwa binamu yangu.

Na sasa mambo ambayo TikTok haikwambii, na ambayo kwa sisi wa South Coast ndiyo yenyewe.

Moja, diklofenaki. Huku ukienda duka la dawa na mgongo, diklofenaki. Jino, diklofenaki. Ukianguka na boda, sindano ya diklofenaki. Mwenye baipasi dawa za kundi hilo, ibuprofeni pia, ni adui, manake zinatoboa vidonda pale kwenye kiungo. Sigara vilevile. Nitatembea na karatasi kwenye pochi: mimi nina baipasi, msinipe hizi. Na iandikwe pia kwamba nikiumwa tumbo vibaya, hata baada ya miaka, isidhaniwe ni vidonda tu. Utumbo unaweza kujisokota ndani, na hiyo ni dharura.

Mbili, ndoa. Nimeolewa miaka miwili, bado sijapata mtoto, na mama mkwe ananiangalia tumbo kuliko uso. Baada ya operesheni unashauriwa usishike mimba kama miezi 12 hadi 18, mpaka uzito utulie. Na uzito ukishuka uzazi unaweza kufunguka ghafla, tena vidonge vya kupanga uzazi huenda visitegemeke baada ya baipasi. Kwa hiyo unahitaji njia nyingine. Nimemwambia mume wangu yote haya kabla ya kulipa hata shilingi. Alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu akaniambia, "Mtoto atakuja amkute mamake mzima." Mama mkwe bado hatujamwambia. Hilo ni vita lingine.

Tatu, Ramadhani. Miezi ya mwanzo unakunywa maji funda kwa funda mchana kutwa, manake huwezi kugida. Ukifunga mapema unakauka. Kwa hiyo panga tarehe ukiangalia kalenda ya mwezi mwandamo, na ongea na daktari na shehe wako. Na futari yetu ya kaimati, tambi za sukari na juisi, kwa mwenye baipasi ni mtihani: sukari ikishuka kwa kasi kwenye utumbo, moyo unakwenda mbio, jasho, kichefuchefu, kuharisha. Kwa wenzetu wa mnazi, pombe baada ya baipasi inapanda haraka mno, na kuna wanaotoka kwenye ulaji wakaingia kwenye ulevi. Msiseme sikusema.

Nne, midomo. Pwani mwanamke akinenepa ametunzwa. Akikonda ni mgonjwa, au mumewe hamlishi, au "ana ule ugonjwa". Nywele zitapukutika miezi michache ya kwanza, kisha zitarudi, na kwa muda huo utasikia mengi arusini. Halati aliniambia, "Mwanangu, tumbo alilokupa Mungu unakwenda kulikata?" Nikamwambia, "Halati, na mguu aliompa bibi Mungu, tuliukata." Alilia. Mimi pia nililia. Kisha akaniuliza vidonge vya vitamini vitakuwa pesa ngapi kwa mwezi, nikajua amekubali.

Pesa hizo zihesabiwe kabisa. Hesabu niliyopewa ya operesheni inanunua bodaboda kadhaa mpya, lakini hiyo unalipa mara moja. Ongeza vitamini za kila siku, vipimo vya damu kila baada ya miezi michache mwaka wa kwanza, kisha kila mwaka, na nauli ya treni. Kama hesabu hiyo haikai, ni heri slivu yenye ufuatiliaji kuliko baipasi uliyoitelekeza. Nasema kweli. Mtu mwenye baipasi asiyekunywa vitamini anaweza kuishiwa damu, akafa ganzi miguu, huku kila mtu anamsifu amependeza.

Basi ukija inboksi kuniuliza ipi nzuri, mimi nitakuuliza haya. Una kiungulia, na umeingizwa kamera? Una sukari, ya miaka mingapi? Kuna dawa ya maumivu unayoitegemea kila siku, kwa mfano ya viungo? Unapanga mtoto lini? Uliwahi kupasuliwa tumbo? Nani atakuangalia mwaka wa tatu, si wiki ya tatu? Ukiwa na majibu sita, mpelekee daktari wa upasuaji anayefanya zote mbili, si anayejua moja tu, manake mwenye nyundo kila kitu kwake ni msumari. Kama hana muda wa kuyasikiliza, huyo si wako.

Mimi majibu yangu yamenipeleka baipasi. Dada mmoja wa Diani ninayemjua, hana sukari, hana kiungulia, ana maumivu ya viungo ya dawa kila siku, yamempeleka slivu. Tumechekana, kila mmoja anajiona ndiye aliyepata. Na wote wawili tumepata.