Mwalimu Aliyejifunza Kupika Hadado

Kijana aliyelelewa na mama na dada watatu aweza kufika umri wa miaka 26 asijue kama ugali huanzwa kwa maji au kwa unga. Ndivyo alivyokuwa mwalimu mmoja, mzaliwa wa milima ya Taita, alipopelekwa kufundisha Hadado, mji mdogo ulio magharibi ya Wajir, mwezi wa Januari 1997. Alipewa chumba kimoja chenye paa la mabati, kitanda na meza. Kwa habari ya chakula hakuwa na wasiwasi, maana palikuwa na hoteli karibu, na mwenye hoteli aliandika madeni katika daftari bila kununa.

Basi mwalimu akala wali na nyama ya mbuzi asubuhi na jioni, akanywa chai ya maziwa, akajiona amefika. Mwisho wa muhula wa kwanza alipolipa deni lake aliona kwamba daftari lile limemeza zaidi ya nusu ya mshahara. Na huko Taita dada yake mdogo alikuwa kidato cha tatu, akiitazamia ada kutoka kwa kaka yake. Mama yake aliandika barua fupi, isiyokuwa na lawama hata neno moja, kwamba binti amerudishwa nyumbani. Barua ya namna hiyo huuma kuliko matusi.

Siku ile ile alinunua sufuria mbili, jiko la makaa, mwiko na ratili kadha za unga na maharagwe. Aibu ilikuwa nyingi. Kwao mwanamume hakaribii mafiga ila nyumba inaungua, na Hadado nako watoto walikuja kuchungulia wakacheka. Ugali wa kwanza ulikuwa madonge, nje umeiva na ndani unga mkavu. Maharagwe yalichemka tangu saa nane hata usiku yakabaki magumu kama kokoto. Hakujua kwamba maji ya nchi ile mara nyingi yana chumvi na chokaa, na maji ya chokaa huifanya ngozi ya haragwe kukataa kulainika. Dawa yake ni kuyaloweka usiku kucha, na kutia magadi kidogo, kadiri ya ncha ya kijiko. Ukizidisha utakula sabuni.

Dawa hiyo aliipata kwa jirani yake, mama mmoja mzee, mjane, aliyeuza maziwa ya ngamia. Haikufaa mama yule aingie chumbani kwa mtu asiye na mke, wala mwalimu hakuthubutu kwenda kukaa jikoni kwake. Masomo yote yalifanyika penye ua wa miiba: bibi upande huu, mwalimu upande ule, na kati yao mjukuu wa darasa la nne akifasiri Kisomali kwa Kiswahili. Mwanafunzi akawa mwalimu wa mwalimu wake, na hakukosa kuifurahia kazi hiyo. "Maalim, bibi anasema koroga, usipige."

La kwanza alilofundishwa lilikuwa anjera. Unga hukorogwa kwa maji mpaka uwe kama uji mwepesi, kisha hutiwa kijiko cha uji wa jana uliochacha, ukafunikwa. Kwa joto la Wajir, kukicha hujaa mapovu. Humiminwa juu ya chuma cha moto, kuanzia katikati na kuzunguka nje kama kamba inayokunjwa, na haugeuzwi. Baada ya majuma matatu mwalimu alimimina anjera iliyokuwa duara kweli, akaila peke yake, akasimama mlangoni akitamani mtu wa kumwonyesha.

Mwezi wa Agosti ada ya dada yake ililipwa yote. Ndipo akaingiwa na tamaa ya mkate. Akanunua hamira, na kwa pupa akaikoroga katika maji yaliyotoka motoni. Maji ya moto mno huiua hamira. Mkate wake ungaliweza kuvunja dirisha. Wa pili uliungua chini ukabaki mbichi juu. Hakuwa na tanuri, na alikuwa hajajifunza kugawa moto.

Kisha zikaja mvua za El Niño. Zilianza Oktoba, na wenyeji, ambao mwaka uliotangulia walikuwa wameona ukame, walizishukuru, lakini hazikukoma. Barabara za Garissa na Wajir zikageuka matope na maziwa, malori yakakwama. Shule ilipofungwa Novemba mwalimu alifunga mizigo yake, akangoja gari siku tano, akaifungua tena. Mwezi wa Desemba ukaja msiba mwingine: Homa ya Bonde la Ufa, inayoenezwa na mbu, iliua mifugo na watu katika mkoa ule, na ikaonywa kwamba wanyama wagonjwa wasichinjwe, wala maziwa mabichi yasinywewe. Hoteli ikafungwa. Lau mambo hayo yangalimkuta katika mwezi wa Februari, angalikula nini?

Alikuwa na maharagwe, ambayo kwa maji ya mvua yaliyokingwa batini yaliiva upesi ajabu, na pakiti moja ya unga wa ngano iliyoingiwa na fukusi. Hamira haikuwapo dukani. Usiku wa kuamkia Krismasi, akiwaza kanisa la kwao na nyimbo zake, aliuchekecha unga, akaomba uani nusu kikombe cha uji wa anjera uliochacha, akakanda. Uliumuka polepole mpaka alfajiri. Akatandaza mchanga katika sufuria kubwa, akaweka ndogo juu yake, akafunika kwa bati na kupalia makaa: machache chini, mengi juu. Mkate ukatoka mwekundu, mchachu kidogo, umeiva hata katikati.

Siku chache baadaye mwezi wa Ramadhani uliandama. Mwalimu akaoka tena kwa unga uliosalia, na jua lilipokaribia kuchwa akampa mjukuu sahani iliyofunikwa kitambaa, ampelekee bibi wa kufuturu. Alijua kwamba huko maziwa yalikuwa yamepungua sana, kwa kuwa ngamia wawili walikuwa wameharibu mimba.

Baada ya sala mtoto alirudi. Sahani haikurudi tupu. Ilikuwa na tende tatu. Akasimama penye ua, akajikohoza kama mtu mzima anayeleta ujumbe.

"Maalim, bibi anauliza: makaa ya juu ulitia mangapi?"