Tochi Ilipozimika

Aisifuye mvua imemnyea. Likizo ya Aprili 2025 baba alikuwa akirudisha lori nyuma usiku, nami utingo wake nikimwelekeza kwa tochi. Ghafla tochi ikazimika, giza totoro! Nikapiga yowe, "Baba, simama!" lakini injini ikaimeza sauti yangu. Alipofunga breki, gurudumu lilikuwa hatua mbili tu kutoka kwa mdogo wangu. Hakuumia, lakini mimi sikulala.

Tarehe 28 mwezi huohuo, waongozaji ndege walioko Philadelphia, Marekani, wanaohudumia uwanja wa Newark, walipotewa na picha za rada pamoja na redio kwa takriban sekunde 90. Ndege ziko angani, nao hawazioni wala hawazisikii! Habari za rada zilitoka New York kwa nyaya, nyingine za shaba, kuukuu. Ndege hazikugongana, ila baadhi ya waongozaji walichukua likizo kwa sababu ya mshtuko.

Habari hiyo ilipotufikia bwenini, wenzangu waliangua kicheko. "Mshtuko wa nini, na hakuna aliyeumia?" Mimi sikucheka. Najua mkono ulioshika tochi iliyozimika unavyotetemeka. Na tarehe 9 Mei, rada na redio zikakatika tena.

Baba hakunigombeza. Alinunua tochi mbili, moja ya akiba. Basi msomaji, kabla ya kumlaumu anayekuongoza, iangalie kwanza tochi uliyompa.