Kutoka Kuze Hadi Pudupet: Kutafuta Vipuri vya Pikipiki ya Babu



Katika daka la nyumba yetu huko Kuze, Mji wa Kale wa Mombasa, ipo pikipiki ambayo marehemu babu yetu, Mungu amrehemu, aliinunua mikononi mwa mtu mwaka 1961. Ni Royal Enfield Bullet, iliyoundwa Redditch, Uingereza. Babu aliipanda kwenda kazini Kilindini miaka mingi, na siku za Idi alitupakia mmoja mmoja kutuzungusha mtaani. Alipofariki ikakaa chini ya turubai, mpaka mdogo wetu alipoifufua.

Mwaka jana ilikaribia kumuua. Viatu vya breki ya nyuma vilikuwa vimekwisha, nasi tukanunua vingine katika duka moja la mjini. Vilikuwa vipya, vimefungwa katika kisanduku cha kupendeza, na bei yake ilitufurahisha. Siku ya tisa, akishuka daraja la Nyali, lainingi ilibanduka juu ya kiatu chake, ikajikunja ndani ya ngoma ya breki, na gurudumu likakwama ghafla. Alianguka akavunjika mtulinga. Matatu iliyokuwa nyuma yake iliwahi kusimama, alhamdulillahi.

Mama hakumgombeza. Alisema neno moja tu: "Ama itengenezwe kama alivyokuwa akiitengeneza babu yenu, ama iuzwe chuma chakavu. Hapa kati sipataki."

Miezi minne baadaye Mungu alitufungulia safari. Mama alikuwa na mtoto wa jicho, na daktari akashauri tumpeleke Chennai, kusini mwa India, waendako wagonjwa wengi wa pwani yetu. Mdogo wetu aliposikia jina la mji huo alikwenda akaifungua ngoma ya breki ya nyuma, akaisafisha kwa mafuta ya taa, akaizungushia taulo na kuitia begini. Katika Bullet, ngoma hiyo imeungana na gurudumu la meno ya mnyororo, na huchomoka nzima. Pale uwanja wa ndege wa Mombasa askari aliitazama kwa muda mrefu kabla ya kuturuhusu kupita.

Alikuwa na sababu. Katika miaka ya 1950 jeshi la India lilitaka pikipiki ngumu za kulinda mipaka, likachagua Bullet. Mwaka 1955 kampuni ya Redditch ikashirikiana na Madras Motors ili ziunganishwe huko huko Madras, mji ambao tangu mwaka 1996 unaitwa Chennai. Baadaye mitambo ya kutengenezea vipuri nayo ikahamishiwa India. Kiwanda cha Redditch kilifungwa mwaka 1967, na miaka michache baadaye Waingereza wakaacha kabisa kuziunda. Wahindi waliendelea kuunda Bullet ile ile ya zamani, kwa vipimo vile vile, kwa miongo kadhaa. Ndiyo maana mwenye Bullet ya kale, hata akiwa Uingereza, hutafuta vipuri vyake India.

Upasuaji wa Mama ulikwenda salama. Daktari alipotuambia tungoje siku sita kabla ya kurudi kumwona, tulipanga chumba Triplicane, karibu na msikiti wa Wallajah, jengo la mawe la mwaka 1795 lenye uwanja mpana ambamo njiwa hutua kwa mamia. Kutoka hapo hadi Pudupet, soko la vipuri lililo kando ya mto Cooum, si mbali.

Pudupet haifanani na soko lolote tulilolizoea. Kichochoro kizima huuza milango ya magari, kinachofuata matangi ya mafuta, kingine taa tupu. Vijana huketi chini wakifungua injini kwa kasi ya mama anayemenya viazi. Harufu ni ya grisi, chai ya maziwa na chuma kilichokatwa.

Katika maduka matatu ya kwanza tulionyeshwa visanduku vinavyong'aa. Mdogo wetu alitoa venia yake na daftari la vipimo, na hapo tabasamu za wauzaji zikapungua. Tulijifunza kwamba kitu kinachofanana si kitu kinachokaa. Bolti nyingi za Redditch zilipimwa kwa inchi, zikiwa na meno 26 katika kila inchi moja. Moja ya ukubwa wa kawaida ina unene wa milimita 7.94. Bolti ya kisasa ya milimita 8 huwezi kuitofautisha nayo kwa macho. Huingia, huzunguka mara mbili tatu, kisha hukaza. Fundi mwenye haraka huilazimisha, nayo hula meno ya kile ilichoingizwa. Siku hiyo hutaona kitu. Utaona itakapolegea safarini.

Siku ya tatu, baada ya sala ya Alasiri, mtu mmoja msikitini alituelekeza kwa mzee mwenye kiduka kisicho na kibao. Tulimwita chacha, kwa desturi yao, na Mama akazungumza naye kwa Kihindi alichojifunza utotoni kwa majirani zetu wa Mombasa. Chacha aliipokea ngoma yetu, akaipitisha kidole kwa ndani, akaipima pande nne. Haikuwa mviringo tena; miaka ilikuwa imeila upande mmoja. "Kiatu kipya kikiingia humu," alisema, "kitagusa mahali padogo tu. Mtasema kiatu ni kibovu, kumbe ni ngoma."

Akatufundisha kwamba vipuri vya pikipiki kongwe ni vya namna tatu. Kuna vya Redditch vilivyosalia rafuni, kuna vya kiwanda cha India, na kuna vya karakana ndogo ndogo zinazoiga. Tulidhani vya Redditch ndivyo bora daima. Chacha alituonyesha mipira ya gurudumu la nyuma ya Uingereza, bado katika karatasi yake. Ilikuwa imekauka kama mkate wa juzi. "Chuma husubiri," alisema, "mpira hausubiri." Akatuuzia mipya ya India. Kisha akatutolea keyboli ya klachi kutoka karakana ya jirani yake, akaisifu kuliko ya kiwandani, kwa kuwa alimjua aliyeitengeneza.

Ngoma tuliipeleka kwa mkerezaji, akaikereza mpaka ikarudi kuwa mviringo. Chacha akachagua viatu vyenye lainingi nene zaidi, navyo vikakerezwa vilingane nayo. Kisha akapaka chaki juu ya lainingi, akavifunga na kuizungusha ngoma. Palipofutika chaki ndipo palipogusa. Alirudia mara tatu, akipiga tupa, hadi chaki ilipofutika karibu kote.

Tulikuwa tukilipa Mama alipoomba avishike. Jicho lake moja bado lilikuwa na kifuniko. Ameshona kanzu miaka thelathini, na vidole vyake hujua pindo lililoachia kabla jicho halijaona. Alipitisha ukucha kwenye kiungo cha lainingi na chuma, kiatu cha kwanza, kisha cha pili. Akasimama. "Hapa pameachia."

Chacha alivaa miwani, akaingiza bapa jembamba la kupimia. Liliingia. Alinyamaza kidogo, kisha akamwambia Mama, "Dada, umeniokoa na dhambi." Akatuletea jozi nyingine, akaanza kazi yote ya chaki upya bila kuongeza malipo. Kile kilichoachia hakukirudisha rafuni. Alikipiga nyundo kikapinda, akakitupa kwenye pipa la chuma chakavu. Njiani Mama alitukumbusha kisa cha Mtume (S.A.W.) alipotia mkono ndani ya lundo la nafaka sokoni akakuta umajimaji chini. Tulikisoma madrasa tukiwa watoto. Hatukuwahi kukiona kikitendeka.

Tumerudi Mombasa, na breki imefungwa. Kwa wenzetu wenye pikipiki nyumbani, kongwe au ya bodaboda, tunaomba mambo mawili. Kabla ya kulipa, shikeni kipuri, mkilinganishe na cha zamani kwa kipimo, na mmuulize muuzaji kasoro yake. Anayejibu kwa kweli rudini kwake hata akiwa ghali. Na vumbi la ndani ya breki msilipulize wala kulifagia likiwa kavu, hasa penye watoto, kwani lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, nayo hudhuru mapafu. Lifuteni kwa kitambaa kilicholowa maji.

Ijumaa iliyopita mdogo wetu aliwasha Bullet na kwenda nayo Nyali kwa mara ya kwanza tangu ajali. Mama alimruhusu mwenyewe. Hata hivyo alikaa darakani bila kushika sindano, akisikiliza, hadi mlio ule uliporudi kwenye kona ya Kuze.