Kabla Hujarudisha Fomu

Tanga,
Jumapili jioni

Mpwa wangu Idrisa,

 Bibi yako bado anauliza kila siku kama umekula.

Mama yako amenipigia kunieleza kwamba umechukua fomu ya udiwani. Nilifurahi. Alipoongeza kwamba yule mkandarasi wa barabara amekuahidi gari, mafuta, fulana na fedha za wajumbe, furaha ikanikatika. Jambo hili halisemeki kwa simu, ndiyo maana nimeshika kalamu.

Unajua nilikaa miaka kumi na tisa kwenye kitengo cha manunuzi cha halmashauri. Diwani hatii saini kwenye mkataba wa zabuni. Hiyo ni kazi ya bodi ya zabuni na mkurugenzi. Lakini diwani ndiye anayepitisha bajeti na sheria ndogo za ushuru, na ndiye anayekaa kikaoni kumhoji ofisa kama nilivyokuwa mimi. Mwaka mmoja karavati jipya la kata fulani liliondoka na masika ya kwanza. Nilikwenda kuliona: zege lilikuwa likimeguka mkononi kama kashata. Nikaandika kwamba mkandarasi asilipwe malipo ya mwisho. Siku ya pili diwani wa kata ile akaja ofisini, akafunga mlango. Hakuwa mtu mbaya, nilimjua tangu ujana wake. Akaniambia, "Mzee, huyu ndiye aliyenifikisha hapa." Mkandarasi akalipwa kwa uamuzi wa waliokuwa juu yangu, na mpaka nastaafu watoto wa kata ile walikuwa wakivua viatu kuvuka kwenda shule. Mimi nilinyamaza. Mpaka leo inaniuma.

Wazee wenzangu watakwambia enzi za Azimio hayo hayakuwapo. Ni kweli kwamba Azimio la Arusha la Februari 1967 liliweka miiko: kiongozi hakutakiwa kuwa na hisa kwenye makampuni, wala mishahara miwili, wala nyumba ya kupangisha. Nimekulia chini ya miiko ile na bado naiheshimu. Ila nikupe na upande wa pili. Serikali yenyewe ndiyo iliyogeuka muuza duka, na mwanzoni mwa miaka ya 1980, tulipokuwa tukipanga foleni ya sabuni na sukari, mwenye ufunguo wa ghala alikuwa bwana mkubwa mtaani kwetu. Mfanyabiashara alisukumwa pembeni, tamaa ikabaki palepale, ikahamia kwa aliyegawa bidhaa.

Kisha mwaka 1991, kule Zanzibar, chama tawala kikailegeza miiko, na mwaka 1992 vyama vingi vikarudi. Tazama ilivyofuatana: kiongozi karuhusiwa mali, na papo hapo kura zikawa za kugombewa. Fedha ikapata kazi ambayo haikuwa nayo. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ikabadilishwa, mgombea akaruhusiwa kuwakirimu wapiga kura, na neno zuri kabisa la takrima likaharibiwa. Mahakama Kuu iliifuta ruhusa hiyo mwaka 2006, kwa kuwa ilimpa mgombea mwenye fedha nafasi asiyoipata maskini. Mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi, inayomtaka mgombea aeleze fedha alizonazo na anazotarajia kupata. Sasa nikuulize: gari na mafuta ya rafiki yako utayaandika? Na yeye mwenyewe anataka yaandikwe?

Kuna wiki moja ya Februari 2008 ambayo sitaisahau, kwa kuwa ofisi nzima tulikuwa tumezunguka redio. Mwaka 2006 ukame ulikuwa umekausha mabwawa, umeme ukawa wa mgao, na katika haraka ile kampuni ya Richmond ikapewa mkataba wa dharura wa megawati 100 ambao haikuwa na uwezo nao. Kamati teule ya Bunge, chini ya Harrison Mwakyembe, ilisoma taarifa yake, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu, huku akisema hakutendewa haki. Mimi kilichonigusa ni kuona wabunge wa chama kinachotawala wakisimama kuihoji serikali ya chama chao mbele ya nchi nzima. Idrisa, mtu mwenye deni hasimami namna ile. Anakaa, anatazama makaratasi yake, anasubiri kengele.

Usinielewe kwamba nawachukia wafanyabiashara. Baba yako alikuwa na duka, na ushuru wake ndio uliolipa mshahara wangu. Mama muuza samaki wa pale sokoni anataka paa lisilovuja na ushuru usiobadilika kila mwezi. Fundi seremala anataka aombe zabuni ya madawati bila kujuana na mtu. Hao nao ni wafanyabiashara, na kura zao ni nyingi kuliko ya mkandarasi mmoja. Hata yeye simlaumu peke yake: huenda ameona wenzake wasiotoa wakikosa kazi, au wakipata kazi kisha wakasubiri malipo mwaka mzima. Hilo ndilo la kwenda kulipigania barazani, ili mtu kama yeye asilazimike kukununua.

Nimeweka kando sehemu ya kiinua mgongo changu. Si nyingi, ila itatosha mabango na nauli, na jina langu uliandike kwenye fomu ya gharama bila kuficha. Kata yako inazungukika kwa miguu kwa siku nne. Nitakuja tutembee wote.

Fulana za mkandarasi zikatae kwa heshima, usimtukane. Nijibu kabla hujarudisha fomu.

Ni mimi mjomba wako,
Salehe