Ngege, Samaki Aliyetutoka

Sisi tukaao Musoma, na ndugu zetu wa Bunda kando ya Ghuba ya Speke, na hata wa Butiama wasioishi ufukoni, sote twalishwa na ziwa moja, yaani Victoria Nyanza. Lakini ni wachache kwetu wamjuao ngege, ambaye zamani ndiye aliyekuwa samaki mkuu wa ziwa hili.

Bwana Michael Graham, aliyelichunguza ziwa mwaka 1927 na 1928, alimpa jina la Kilatini, esculenta, maana yake afaaye kuliwa. Ngege hula mimea midogo sana ya majini. Jike huyaweka mayai yake kinywani, na watoto wakitoka huwalinda humo humo. Kwa hiyo hazai wengi kama sangara, atagaye mayai kwa mamilioni.

Ni nini basi kilichomwondoa? Kwanza ni nyavu za kigeni, zilizoingia ziwani mwaka 1905. Graham alishauri matundu yasipungue inchi 5, ili wachanga wapite. Kisha, katika miaka ya 1950 na mwanzo wa 1960, sangara na sato waliletwa kutoka maji mengine. Sangara alikula wenyeji. Sato alishindana nao kwa chakula na mazalio. Ngege akakaribia kutoweka katika ziwa kubwa.

Hatumlaani sangara, maana wengi wamesomesha watoto kwa fedha zake. Lakini faida haifuti hasara. Tuliwaambia watoto darasani wachore samaki wa ziwani. Walichora sangara, sato na dagaa, ngege hakuwapo. Na mtu hamlilii asiyemjua.

Hata hivyo, hakufa wote. Ngege angali akiishi katika vijiziwa kama Kanyaboli, nchini Kenya, palipozungukwa na mafunjo. Maji ya ndani ya mafunjo yana hewa haba, na sangara hawezi kuyavumilia. Hivyo mafunjo ni ukuta wa samaki wadogo. Basi tuyatazame kwa heshima mafunjo ya mto wetu Mara. Ayachomaye apate shamba hubomoa ukuta huo, asijue ni nani aliyejificha nyuma yake.

Ndugu wasomaji, mwenye kokoro na aliache, maana sheria yalikataza, nalo hukokota mazalio pamoja na wachanga. Mwenye jembe naye aache ukingo wa mafunjo usimame. Wahenga walisema, akiba haiozi.